Samaki wa Usiku, Jasho la Mchana

Sisi watu wa mwambao, tukisikia Nyanza, hudhani ni nchi ya jembe na ng'ombe tu. Nami nilikuwa na dhana hiyo mpaka nilipofika Mbita, kaunti ya Homa Bay, nikaona mashua zimepangwa ufuoni kama za kwetu, na watu wakiuhesabu mwezi kama tuuhesabuvyo sisi. Sababu ni omena, dagaa wa ziwani. Huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukijaa taa haina kazi, basi vyombo hulala.

Tazama, msomaji, ni wangapi wanaokula kwa samaki huyu mdogo kuliko kidole. Yuko tajiri mwenye mashua na nyavu, ambaye pengine halowi maji. Wako vijana wavuao. Wako wanawake wanaonunua alfajiri, wakaanika juani, wakauza kwa gorogoro. Yuko kijana wa bodaboda anayebeba magunia. Hata kuku wa mjini wamo, maana omena wengi husagwa wakawa chakula cha mifugo. Na kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi huo ufungwapo, wote hao hukaza mikanda pamoja.

Ukishuka Migori mambo hubadilika: Awendo ni miwa, Kuria ni tumbaku, Macalder ni dhahabu. Huko wanaume huingia shimoni, na wanawake huosha mchanga wa dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu.

Kazi ni mbalimbali, lakini mpango ni mmoja: mwenye chombo hupata mwanzo, mwanamke hupata mwisho. Samaki wakiadimika, fedha peke yake hazimpatii mama ndoo yake. Mvuvi hutaka na mwili wake. Wenyewe huiita desturi hiyo jaboya, na wameizungumza waziwazi, kwa kuwa Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na Ukimwi nchini.

Wako watakaoharakia kusema kuwa hao ni watu wasio na haya. Mimi sisemi hivyo. Tuliosoma chuoni twaijua dhambi ya kupunja mizani, na hii ni mizani iliyopunjwa: mama ana fedha mkononi, naye aambiwa hazitoshi. Mahubiri peke yake hayatamfaa. Mwaka 2011 wanawake wa Nduru, upande wa Kisumu, walianza kupata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume wawavulie. Mafuriko ya 2020 yaliwaharibia mengi, lakini njia wameionyesha.

Nasi kabla ya kuwacheka wa bara, tujiulize: mama anayekaanga samaki barazani kwetu, katika chombo kilichomletea samaki huyo, ana hata ubao mmoja?