Kabla Utamani Safari ya Barafu

Umeziona zile video, sivyo? Meli ya kifahari inapenya kwenye barafu huko Greenland, abiria wako na majaketi mazito, simu juu. Unatamani. Hata mimi natamani, sikatai.

Lakini hebu tuulizane. Septemba 2023, meli ya Ocean Explorer ilikwama Alpefjord, kaskazini mashariki mwa Greenland, ikiwa na watu 206. Ilichukua siku tatu kuinasua. Je, ingetoboka mafuta yamwagike, nani angesafisha huko mbali?

Norway ilishaamka. Tangu Januari 2025, meli inayoingia maeneo yaliyohifadhiwa ya Svalbard hairuhusiwi kubeba abiria zaidi ya 200, na wageni wakae angalau mita 300 kutoka kwa dubu. Wenye meli walilalamika. Mimi nasema, poa sana! Watu wanakimbilia kuona barafu kabla iishe, na moshi wa meli hiyo hiyo unasaidia kuimaliza. Huko ni kukata tawi ulilokalia.

Kwa hivyo siku ukizipata, usiulize bei ya tiketi pekee. Uliza meli inabeba watu wangapi, na inachoma mafuta gani. Wakikosa jibu, weka pesa yako mfukoni.