Mshumaa wa Hecate na Kigae cha Bibi

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Ukipita njia panda ya Ngaramtoni alfajiri ukakuta kibuyu, mayai mawili na majivu, utafanya nini? Najua. Utazunguka mbali, utakemea au utasoma dua, na ukifika kazini utasimulia kwamba mtaani kuna mchawi. Mie pia nitazunguka, sijifanyi shujaa.

Sasa njoo mjini. Rafiki yangu mmoja, kijana mwenzetu wa kalamu, alinikaribisha chumbani kwake Sakina. Mezani palikuwa na mshumaa mweusi uliopachikwa majani makavu ya rozmari, lavenda na pakanga. Umeandikwa jina la Hecate. Kaununua duka la zawadi za watalii, shilingi elfu thelathini na tano! Anauwasha mwezi ukifa, eti kutakasa nyumba na kuita mashairi. Nikamwuliza, huu si uganga? Akacheka. "Acha ushamba, bwana. Hii ni mitholojia."

Hapo ndipo hasira zangu zilipoanzia.

Hecate ni nani? Wagiriki wa kale walimwabudu kama mungu wa kike wa usiku, wa mizimu, wa mitishamba na uchawi. Makao yake yalikuwa njia panda, na kila mwisho wa mwezi watu walimwekea chakula huko. Njia panda, jamani! Ndiyo yale yale ya Ngaramtoni. Wala si mgeni kwa Kiswahili. Samuel Mushi alipomtafsiri Shakespeare na kutoa Makbeth mwaka 1968, tamthilia hiyo ilikuwa na Hecate wake, naye ni mkubwa wa wachawi. Leo kaoga, kajipaka manukato, anaitwa mitholojia.

Na bibi yangu je? Kijijini kwetu, chini ya mlima Meru, mtoto akilia usiku kucha bibi alichoma majani kwenye kigae. Hakuuza. Hakutoza hata senti. Majirani walimwita mshirikina mpaka akaacha. Nilipomtia katika mswada wa riwaya yangu, mtu mmoja niliyemheshimu aliurudisha akiwa ameandika pembeni: ondoa ushirikina. Na yule mshairi wa mshumaa? Aliusoma mswada uleule, akamuunga mkono!

Mtasema haya ni maneno tu. La hasha. Maneno haya huua. Kule Shinyanga na Mwanza vikongwe wamekatwa mapanga kwa ajili ya macho mekundu, na macho yenyewe yamewiva kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Sheria ya Uchawi tuliyorithi kwa Mwingereza, ya mwaka 1928, ingali ipo, na kuwa na kifaa cha uchawi ni kosa. Nani atampeleka polisi mwenye mshumaa? Moshi wa bibi ni uchawi, moshi wa dukani ni manukato. Tofauti yake ni bei na jina basi.

Wapo watakaosema natetea waganga. Sitetei. Ramli ndizo zilizowanyooshea vidole vikongwe hao, na ndizo zilizofanya ndugu zetu wenye ualbino wawindwe kama swala, hata serikali ikapiga marufuku mwaka 2009 na tena mwaka 2015. Mwaka 2011 sote tuliona misururu ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Wapo waliofia njiani, wapo walioacha dawa zao za UKIMWI. Mti ni mti. Ukiufanya mungu, utakuzika.

Lakini kuuogopa na kuuonea haya nako ni ujinga. Itazameni hiyo pakanga ya kwenye mshumaa. Jina lake la kisayansi ni Artemisia, kutokana na Artemis, mungu mwingine wa Kigiriki. Ndugu yake, Artemisia annua, imelimwa na wakulima wa hapahapa Arusha ili itolewe dawa ya malaria. Dawa hiyo haikuletwa na mungu wala mshumaa. Tu Youyou wa China alifungua vitabu vya kale vya matabibu wa kwao, akachemsha, akakosea, akajaribu tena, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Hakuwaonea haya mababu zake, wala hakuwapigia magoti. Aliwauliza maswali.

Basi sie tunaojiita waandishi chipukizi tumemwuliza nani? Tunamjua Zeus na wake zake wote, lakini jani alilochoma bibi hatujui hata jina. Hivi mkoloni aliondoka mwaka 1961 au kahamia kwenye madaftari yetu? Mie nilichelewa. Bibi amekufa, na jina la jani lile kaenda nalo. Kwenye mswada nimeacha nafasi tupu, siwezi kuijaza kwa lavenda.

Rafiki yangu, washa mshumaa wako, sikuzuii. Umeme wenyewe unajua kukatika. Ila ukishawaka, usome tena mswada wangu kwa mwanga huohuo. Bibi nimemwacha palepale, na kigae chake mkononi.