Pima kwanza, kipuri baadaye

Vijana wenzangu, leo naweka kakao pembeni kidogo, naongelea gari. Najua mtauliza, afisa ugani na umeme wa magari wapi na wapi? Jibu ni hili: kakao ikishapasuliwa haisubiri fundi, na mpunga ukilowa barabarani mnunuzi anashusha bei mbele ya macho yako.

Msimu uliopita kijana mmoja hapa Mwaya alikwama na kirikuu chake, mpunga umepakiwa, mawingu yametanda. Usiku alamu ilikuwa imelia yenyewe mpaka majirani wakaamka, asubuhi gari haliwaki. Fundi wa kwanza akasema betri, ikanunuliwa. Wa pili akasema alteneta, ikafungwa ya mtumba. Wiki moja tu, yale yale. Tulipokagua pole pole, kumbe ni swichi ya boneti. Imeliwa na kutu, alamu inadhani boneti inafunguliwa, inalia na kunyonya betri. Kuisafisha ilichukua dakika kumi.

Mimi sioni kosa ni la mafundi peke yao. Ni letu sisi tunaonunua kipuri kabla ya kupima. Shambani hupigi dawa bila kugeuza jani uone ni mdudu gani. Kwenye gari unakubalije?

Nunua mita ya umeme. Ile ya kawaida bei yake haifiki mfuko mmoja wa mbolea.

Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu. Washa injini: ikipanda hadi kati ya 13.8 na 14.5, alteneta inachaji, iache. Isipopanda, anza na mkanda na nyaya.

Kisha sugua vichwa vya betri, kaza, ufuate waya wa ethi mpaka unapofungwa kwenye bodi. Kwa unyevu wetu wa ziwani, kutu inapenda sana hapo.

Kama kuna kitu kinanyonya usiku, zima kila kitu, chomoa waya hasi, weka mita upande wa ampea kati ya waya huo na betri, subiri kidogo itulie. Ikizidi miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja. Ile ambayo ukiichomoa namba inashuka, ndiyo laini yenye shida. Usiwashe injini mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Na tafadhali, usilaze mpunga ndani ya gari. Panya akimaliza punje anahamia kwenye nyaya.

Kuhusu alamu yenyewe: iliyofungwa ovyo, nyaya zimekatwa na kuzungushiwa selotepu, heri usiwe nayo. Ila usiing'oe mwenyewe, maana mara nyingi imeunganishwa kwenye waya wa stata. Mpe fundi umeme, simama pale pale, muulize kila waya unakwenda wapi. Asiyeweza kukujibu, mshukuru, tafuta mwingine.

Fanyeni hivyo sasa, kabla mzigo haujapakiwa.