Maoni: Muwasho wa sehemu za siri si ushahidi wa uzinzi

Ariwara, teritware ya Aru – Mama anapowashwa sehemu za siri, maneno huanza kabla ya dawa. Bwana anauliza alikuwa na nani, majirani wananong'ona, naye mwenyewe anaona haya kufika kituo cha afya. Anapitia sokoni, ananunua pomada, anapaka, na muwasho unazidi.

Ugonjwa wa zinaa unaweza kuleta muwasho, na ni lazima upimwe. Lakini si sababu pekee. Ngozi ya pale ni laini, inaweza kukataa kitu kinachoigusa: manukato ya sabuni, kemikali za kuhifadhi zinazotiwa katika vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia, hata dawa yenyewe. Neomisini na benzokaini, zinazotiwa katika baadhi ya pomada, zinajulikana kuleta aleji. Mama mwenye ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu hupaka vitu vingi, kwa hiyo hatari yake inaongezeka.

Waganga wa ngozi wana kipimo. Kilielezwa na daktari Mjerumani Josef Jadassohn mwaka 1895. Vibandiko vyenye kiasi kidogo cha vitu vinavyoshukiwa hubandikwa mgongoni, si sehemu za siri. Hutolewa baada ya saa 48, na ngozi hutazamwa tena siku mbili hivi baadaye. Panapokuwa pekundu, pakavimba na kuwasha, pana dalili ya kitu kinachokataliwa.

Kipimo hicho kinahitaji mtaalamu na vibandiko maalum. Mama aliyekimbia vita, anayelala chini ya turubai, hawezi kukingoja. Lakini kazi inaweza kuanza hapa. Muuguzi aulize: unanawa na nini, unapaka nini, unatumia nini wakati wa hedhi? Mama aache sabuni za harufu na pomada alizojinunulia, anawe kwa maji safi tu, apake vazelini isiyo na manukato. Dawa aliyoandikiwa asiiache bila kuuliza. Akiona kidonda, uvimbe, usaha au ngozi kugeuka nyeupe, aende kituo bila kukawia.

Wanaogawia waliohama misaada nao wafikiri: sabuni isiyo na harufu si anasa, ni kinga.

Na bwana, kabla ya kuhukumu, amsindikize mkewe kwa muuguzi. Nyumba nyingi zimeshapoteza vya kutosha kwa vita. Zisivunjike tena kwa sababu ya kipande cha sabuni.