Batli ya Ndege Isiyo na Rubani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hii yamfaa kila anayefanya biashara kwa ndege zisizo na rubani, ziwe za kupiga picha arusini, kupima ardhi au kunyunyizia mimea dawa. Nchini Rwanda, ndege hizi zilianza kupeleka damu hospitalini mwaka 2016. Nchini Kenya, kanuni mahususi za kuzisimamia zilitolewa mwaka 2020. Hata hivyo, kanuni haikazi skrubu iliyolegea.

Uchakavu wa chombo hiki haujitangazi. Betri ya lithiamu huzeeka kadiri inavyochajiwa. Yaweza kuonekana imejaa, kumbe nguvu zake zitaporomoka ikiwa angani. Rafadha yenye ufa mwembamba huzua mtetemo, nao mtetemo hulegeza skrubu na kuichosha mota. Katika ndege yenye rafadha nne, moja ikikatika, aghalabu chombo chote huanguka. Na chini yake mna watu.

Jicho la fundi huona hali ya leo tu. Ni daftari linaloonyesha kwamba betri fulani imechajiwa mara ngapi, mota imefanya kazi saa ngapi, kasoro ipi ilitokea, nani aliirekebisha na lini. Kwa hiyo kila betri sharti iwe na nambari yake, na kila rekebisho liwe na tarehe na sahihi.

Wapo wanaodai kwamba ndege hizi hujiwekea kumbukumbu zenyewe. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Mtambo hunakili mwendo na nguvu za betri; hausemi ni nani aliyebadilisha rafadha, kwa sababu gani, wala iwapo ilijaribiwa kabla ya kurudishwa kazini.

Hapa ndipo wanaisimu wanapohitajika. Fundi asiyekuwa na neno la kasoro aliyoiona huandika "sawa" na kuendelea. Ilhali mabaharia wa pwani walikuwa na batli, daftari la mambo ya safari, na rubani mwenyewe alikuwa mwongoza chombo baharini kabla ya kupaa angani. Lugha iliyompandisha rubani haishindwi kuipandisha batli. Fomu za matengenezo na ziandikwe kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka karakanani, ili ufa utajwe ungali mdogo.