Kijana aliyekuja ameshavaa jezi

Mwezi uliopita nilikuwa naendesha basi zamu ya jioni. Kwenye kituo cha reli cha Norwich alipanda kijana mrefu, begi la kijeshi begani, akagusisha kadi kwenye mashine, akanitazama usoni. "Kocha!" akasema. Nilikawia kumtambua. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na miaka 15, kipa wa timu yangu ya Jumapili, mikono mirefu kama pondo. Sasa ana miaka 22, ni askari wa jeshi la Uingereza, na alikuwa anakwenda kwa mama yake likizo.

Kibao ndani ya basi kinasema abiria asizungumze na dereva. Yeye alisimama karibu nami akazungumza. Alinipa habari mbili kabla ya kufika kituo chake. Ya kwanza: ana mpenzi, mwanamume mwenzake, na kikosini wote wanajua, hata sajini wake. Wanachomtania ni mkoromo. Ya pili aliisema akiwa ameshabonyeza kengele: "Kwako, Kocha, nilikuwa naogopa hata kuvua shati."

Akashuka. Kituo kilichofuata nilikipita na mtu amenyoosha mkono.

Nilimkumbuka vizuri. Kila Jumapili alikuja ameshavaa jezi kutoka kwao, na mechi ikiisha aliondoka na tope lake mwilini, hata mvua iwe ya namna gani. Nikadhani wanaishi karibu. Nikadhani ana haya. Sikumtukana hata siku moja. Lakini mvulana akikosa mpira nilikuwa nampigia kelele, "Unacheza kama binti!" Na wenzake walipomtupia kipa wangu lile neno wanalotupiana wavulana wa hapa, mimi nilikuwa nainama kuhesabu koni. Msimu haukwisha, akaacha kuja. Nikaandika kwenye daftari: kipa, anatafutwa mwingine.

Kwetu Mombasa neno la namna hiyo lina nyuso mbili. Mama yangu alipomwita jirani "shoga" pale barazani Majengo, alimaanisha mwenzake wa kufa na kuzikana, wa kuazimana chumvi na kutunziana siri. Nilipofika uwanja wa Tononoka na wavulana wenzangu, neno lile lile likawa jiwe. Hakuna aliyetufundisha lini ni rafiki na lini ni jiwe. Tuliling'amua kwa sauti.

Tangu jioni ile najiuliza swali moja. Jeshi, lenye bunduki na mabweni na amri za alfajiri, limewezaje kumpa kijana utulivu ambao mimi, na filimbi yangu na vipande vya machungwa vya mapumziko, sikumpa?

Mji huu una sababu ya kulijua swali hilo kuliko mwingine. Tarehe 9 Februari 1980, katika uwanja wa Carrow Road, kijana wa miaka 18 aitwaye Justin Fashanu aliupokea mpira akiwa amelipa goli mgongo. Aliunyanyua kwa mguu wa kulia, akageuka, akaupiga wa kushoto ungali hewani. Kipa wa Liverpool, Ray Clemence, hakuufikia. Norwich ilifungwa 5-3 siku hiyo, lakini bao lile BBC ililitangaza bao bora la msimu, na wazee ninaowabeba kwenye basi bado wanaliigiza, mkongojo mkono mmoja.

Fashanu alikuwa mtoto wa baba Mnigeria na mama wa Guyana, akalelewa na wazazi walezi Wazungu hapa Norfolk. Mwaka 1981 Nottingham Forest ilimnunua kwa pauni milioni 1, mwanasoka mweusi wa kwanza wa Uingereza kufikia bei hiyo. Kocha wake, Brian Clough, alisikia kwamba kijana anaonekana kwenye baa za wanaume wapendao wanaume. Alimzuia kufanya mazoezi na wenzake, na Fashanu alipokaidi, akaitiwa polisi wamtoe. Mabao yake ya ligi pale Forest yalikuwa 3 katika mechi 32. Watu walisema miguu imekufa. Mimi, kwa niliyoyaona baadaye, nasema mtu anayetumia nusu ya nguvu zake kujificha hubakiwa na nusu tu ya kukimbilia.

Alijitangaza Oktoba 1990 kwenye gazeti. Mashabiki wakamwimbia, klabu zikamkwepa, hata mdogo wake John, naye mwanasoka, alimkana hadharani, jambo aliloeleza baadaye kwamba analijutia. Mwaka 1998 Justin alikabiliwa huko Maryland, Marekani, na tuhuma nzito ya kumdhulumu kijana kingono. Alirudi England, na mwezi Mei akajitoa uhai London. Kesi haikufika mahakamani, kwa hiyo sitamtakasa wala sitamhukumu. Ninachojua ni kilichofuata kwenye mpira: kimya. Tangu ajitangaze ilipita miaka 31 hadi Mei 2022, ndipo Jake Daniels wa Blackpool, mvulana wa miaka 17, akawa mchezaji wa kulipwa wa pili wa kiume hapa Uingereza kusema wazi akiwa bado anacheza. Kwa wanawake hadithi ni nyingine. Beth Mead aliibuka mchezaji bora na mfungaji bora wa Euro 2022, England ikatwaa kombe, na baadaye kila mtu akajua mpenzi wake ni Vivianne Miedema, aliyecheza naye Arsenal. Hakuna timu iliyovunjika.

Sasa tazama jeshi. Nalo halikuwa malaika. Hadi mwisho wa karne iliyopita lilimfukuza aliyebainika kupenda wa jinsia yake; polisi wa kijeshi walipekua makabati na barua za askari, wakawahoji kuhusu mambo ambayo hata daktari huyauliza kwa aibu. Joe Ousalice, baharia aliyekuwa kwenye vita vya Falklands mwaka 1982, alifukuzwa mwaka 1993 baada ya utumishi wa miaka karibu 18, na nishani yake ya utumishi mrefu na mwenendo mwema ikakatwa kwa mkasi kutoka kwenye sare. Hakurudishiwa hadi mwishoni mwa 2019.

Hoja ya wakubwa ilikuwa moja: askari wengine hawatakubali, umoja wa kikosi utavunjika. Wanne waliofukuzwa, wakiwemo Jeanette Smith na Graeme Grady wa jeshi la anga, waliipeleka serikali katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Septemba 1999 walishinda. Majaji walisema chuki ya walio wengi haitoshi kuwa sababu, kama vile isingetosha ikiwa ni chuki dhidi ya mtu wa rangi au asili nyingine.

Hapo nilimkumbuka babu. Babu yangu alikuwa askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, akapelekwa Bama (Burma) mwaka 1944. Alibeba bunduki ya mfalme msituni, lakini uofisa hakuruhusiwa hata kuuota, kwa kuwa Mwafrika akiwa ofisa, walidai, askari wa Kizungu hatampigia saluti. Hoja ni ile ile: wenzako hawatakubali. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza alikuwa akilinda zamu ya usiku na watu wa kabila gani. Alinikodolea macho. "Usiku kule ulikuwa unauliza jambo moja tu," akasema. "Mwenzako kalala au yu macho?"

Tarehe 12 Januari 2000 marufuku iliondolewa. Jeshi halikuwaomba askari wabadili mioyo. Lilitoa kanuni ya mwenendo, moja kwa wote, mwenye mke na asiye naye, jenerali na kuruta, na ndani yake kipimo kimoja: je, alichokifanya mtu huyu kimedhuru kazi ya kikosi, au kinaweza kuidhuru? Anayemsumbua mwenziwe kimapenzi ana makosa, awe anasumbua mwanamke au mwanamume. Anayemdhihaki mwenziwe ana makosa pia. Vile mtu alivyo si kosa. Wengi walitabiri watu watajiuzulu makundi kwa makundi. Haikuwa hivyo. Sisemi uonevu ulikwisha, na fidia imekawia: waziri mkuu aliomba radhi bungeni Julai 2023, na Desemba 2024 serikali ikatangaza pauni 50,000 kwa kila aliyefukuzwa. Lakini kijana wa kwenye basi langu alizaliwa baada ya amri ile, na anakoroma kwa amani.

Jibu la swali langu limo humo. Jeshini mtu wa kutoa amri alikuwapo, na siku alipoitoa, mambo yalibadilika. Chumba cha kubadilishia nguo kina sheria isiyoandikwa, na askari wake ni mzaha. Nani atauamuru mzaha? Nilidhani hakuna. Kumbe kwenye timu ya watoto wa Jumapili sajini yupo, ana filimbi shingoni, na siku zile alikuwa ameinama anahesabu koni.

Msomaji asidhani nataka kila mtu avalishwe bendera. Mwishoni mwa 2024 Ligi Kuu ya England iliwapa manahodha kitambaa cha rangi za upinde wa mvua, na nahodha mmoja tu kati ya 20 alikataa kukivaa: Sam Morsy wa Ipswich, Mwislamu mwenye asili ya Misri. Sasa, Norwich na Ipswich ni mahasimu kama Gor na Ingwe kwenye soka ya Kenya. Kumtetea mtu wa Ipswich hapa ni kujitafutia kunyimwa chai kazini. Nilimtetea. Hakumtukana mtu, hakukataa kucheza na mtu, alivaa kitambaa cha kawaida akakaba kama desturi yake. Akipimwa kwa kipimo kile cha jeshi, hana kosa. Nikitaka kipa wangu aachiwe alivyo, siwezi kumlazimisha Morsy awe asivyo. Sare inaomba mwili ufanane na wenzake kwa dakika 90. Moyo haukuorodheshwa kwenye vifaa.

Najua pia gazeti hili linasomwa wapi. Mimi ni Mwislamu, naswali, na sikuandika haya kubishana na shekhe wala padri. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya kinataja kifungo cha miaka 14 kwa ngono ya wanaume wao kwa wao, na Mahakama Kuu ilikiacha mahali pake tarehe 24 Mei 2019. Kijana yule angekuwa Tononoka, angekuwa na zaidi ya shati la kuhofia. Nami siamini jela imewahi kumpatia mzazi mtoto mwingine badala ya aliyenaye. Lakini hata usipokubaliana nami hapo, ewe kocha wa Likoni, wa Kisauni, wa Tanga, kuna jambo lisilosubiri bunge wala mahakama. Kwenye timu yako yuko mtoto anayekuja ameshavaa jezi. Huenda sababu yake ni hii, huenda ni makovu mgongoni, huenda ni chupi iliyotoboka. Huna haja ya kumuuliza. Una haja ya kuhakikisha kwamba chumba kile, siku akiingia, hakitamla.

Mimi nimeanza kwa uchache. "Unacheza kama binti" nimeizika, hasa baada ya binti yangu kuniuliza kama niliwahi kumwona Beth Mead akipiga krosi. Anayemtupia mwenziwe lile neno anazunguka uwanja mara tatu, hata akiwa mtoto wa anayetununulia jezi, na mwezi huu alikuwa yeye hasa. Baba mtu alinung'unika. Nikamwambia kanuni ni moja kwa wote.

Jumamosi, mazoezini, kipa wangu wa sasa alikuja na soksi mbili zisizofanana, moja ya njano ya Norwich, nyingine ya waridi iliyokoza. Wavulana walinitazama mimi, si yeye. Walikuwa wanangoja kuona nitainama au sitainama.

"Glavu umeleta?" nikamuuliza.

Alikuwa amezileta. Tukaanza na kona.