AKILI SI MGAWO WA KUZALIWA

Katika nyumba nyingi za Cheyo, kama ilivyo kwingineko mjini Tabora, mtoto aliyeshindwa hesabu hupewa hukumu kabla hajavua sare: "Huyu hana kichwa." Baba hutamka, shangazi huitikia, na jirani huongeza kwamba hata babu yake alikuwa hivyo hivyo. Hukumu hiyo haina rufani. Mtoto wa miaka tisa huelezwa kwamba akili ni mgawo, na kwamba siku ya mgawo yeye hakuwapo. Ya nini basi afungue daftari usiku?

Hiyo ni kasumba, tena ina historia katika mji huo huo. Mwaka 1925 serikali ya Mwingereza ilifungua Shule ya Tabora kwa ajili ya wana wa machifu, kana kwamba uongozi hupita katika damu. Nchini Kenya, katika miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon alithubutu kudai kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile. Ulikuwa upuuzi mtupu uliovikwa joho la sayansi. Bendera ya mkoloni iliteremshwa mwaka 1961, lakini kipimo chake kimebaki sebuleni, na sasa wazazi wenyewe wanakishika kuwapimia watoto wao.

Wazee wa Unyamwezi hawakulea hivyo. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipotoka Unyanyembe kwenda pwani, watoto walianza kwa kubeba vipembe vidogo. Nani aliyemtazama mtoto mabega akatangaza kwamba hakuzaliwa mpagazi? Alizoezwa mpaka mabega yakakomaa. Kichwa kimekosa nini hata kinyimwe subira iliyopewa mabega?

Na ushahidi umepatikana Bagamoyo, kule kule ilikoishia njia hiyo. Robert Sternberg na wenzake, wakiwamo Watanzania, waliwapima wanafunzi wa shule za msingi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Mtoto alipimwa, akafundishwa kwa muda usiofika saa moja namna ya kuyakabili maswali, akapimwa tena. Alama zilipanda. Kama akili ni jiwe, saa moja ililisogezaje?

Hata yule anayesifiwa nyumbani kuwa ndiye "kichwa" hakusalimika. Mwaka 1998, huko Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili walipendelea kazi nyepesi wasije wakaumbuka, na waliposhindwa walikata tamaa. Waliosifiwa kwa bidii walitaka kazi ngumu zaidi.

Watetezi wa kasumba watasema wako wepesi na wako wazito. Naam, wapo, nani amekana? Lakini neno "hana akili" linapendwa kwa sababu linawapumzisha watu wazima. Mzazi hatafuti taa ya kusomea, mwalimu harudii somo, na wakubwa hawaulizwi vitabu viko wapi wala kwa nini darasa limefurika. Bidii ya mtoto haiwezi kuziba pengo la kitabu kisichokuwapo.

Karatasi ya mtihani inaporudi nyumbani huonyesha mahali mtoto alipokwama. Pengine amejumlisha vema, ametoa vema, ila kugawanya hakujamwingia. Ni kazi ya jioni chache. Lakini karatasi haisomwi. Hutazamwa ile alama nyekundu iliyo juu, kisha hutazamwa mtoto.